Bipu ya Ijumaa

Alhamisi, 1 Juni 2006

Mtu wa kwanza atakayelifungua daftari hili bila ruhusa yangu ni Ghadeer, mke wa ndugu yangu Humam, kwa hiyo naanza na yeye. Ghadeer, kama umefika hapa, lifunge, rudi juu kwako. Kiswahili chako ni cha jikoni na hutafika mbali, lakini nimeona nikuambie mapema.

Tunakaa Hail, huku kwa Waarabu, nyumba moja yenye ghorofa mbili. Chini mimi na mama, juu Humam na mkewe. Nimestaafu wizarani mwezi wa tatu baada ya miaka thelathini ya kupiga taipu barua za Kiingereza, na wote humu ndani wameamua kuwa Mahbuba sasa hana kazi. Joto limeingia, ukigusa mlango wa gari unaungua, na mimi ndiye ninayetumwa kila mahali.

Kazi ninayo. Kazi yangu ni simu ya mama. Kila Ijumaa baada ya laasiri mama mdogo Shariffa, mdogo wake mama, aliyebaki Unguja sisi tulipoondoka, anatubipu. Hana simu yake mwenyewe. Anaazima ya mtu yeyote aliye karibu, anapiga kwetu, ikilia mara moja anakata. Mimi naitazama nambari kwenye kisanduku kilicho kando ya simu, napiga, nampa mama. Mama macho yamefifia, nambari haoni tena. Hospitali wamemwandika kwenye orodha na mpaka leo hawajamwita. Basi wanazungumza nusu saa, wanagombana, wanacheka. Katika watoto tisa wamebaki wao wawili.

Nambari yetu Shariffa anaijua kwa moyo. Zilipoongezwa tarakimu mbili mbele, ilituchukua wiki tatu kumfundisha upya. Kuiandika hataki. Anasema karatasi zinaliwa na panya.

Ijumaa, 2 Juni

Bipu haikuja. Saa kumi na nusu mama aliunyanyua mkono wa simu mwenyewe, akausikiliza, akaniita.

"Mahbuba, hebu njoo. Simu inakaanga samaki."

Nikajua. Nilipanda juu nikamkuta Ghadeer mbele ya kompyuta, anaandikiana na dada zake wa Nizwa kuhusu mapazia. Intaneti yake inapita kwenye waya huohuo wa simu, na ikiwa wazi hakuna anayeweza kutupigia.

"Dakika tano tu, dada," akasema.

Dakika tano zake nazijua, huanza laasiri zikaisha magharibi. Nikaung'oa waya ukutani. Akapiga ukelele kana kwamba nimemng'oa jino. Humam akatoka chumbani na kikoi, usingizi umejaa usoni.

"Kuna nini tena?"

"Kuna mkeo. Mnataka intaneti, wekeni ya kwenu. Simu ya mama iwe ya mama peke yake."

"Haya, dada, haya. Nitatafuta njia."

Nilishuka ngazi nimejaa ushindi. Mama alikuwa bado ameushika mkono wa simu.

Jumamosi, 3 Juni

Mama hakula. Nguru wake ameliwa na paka wa jirani.

Jumatatu, 5 Juni

Jambo jipya. Ukimpigia Humam kwenye mobile yake, husikii mlio wa simu, unasikia Qur'ani. Msomaji mwenye sauti nzito, taratibu, mpaka Humam apokee. Ni huduma, unalipia, na wenziwe wote wa benki ya Qurum wanayo. Bila shaka ni fikra ya Ghadeer. Leo nimempigia kumwambia alete mkate, akapokea katikati ya aya, na mimi nikaona haya kutaja mkate. Nimemwambia maneno ya Mungu hayakuteremshwa ili watu wayasikilize wakisubiri yeye amalize kutafuna. Amenuna.

Jumatano, 7 Juni

Humam amerudi na karatasi aliyoipiga mistari kwa rula. Amezunguka Ruwi siku tatu akiuliza bei, na alinikalisha kitako anisomeshe.

"Njia ya kwanza, dada, tubaki na kadi za intaneti. Rahisi, lakini simu itashikwa vilevile. Njia ya pili, laini nyingine kwa intaneti, na kadi ya dishi mbali kwa ajili ya Kombe la Dunia. Hiyo itatukausha. Ya tatu, hii hapa. Wakala mmoja Ruwi anakupa vitu vitatu pamoja: intaneti ya haraka, chaneli za mpira na simu ya nyumbani. Bili moja. Intaneti ikiwa wazi, simu iko huru."

"Simu itakuwa huru?"

"Usiku na mchana."

Nilichosikia mimi ni hicho tu. Mpira unaanza keshokutwa na yeye alikuwa anahema. Lakini simu ya nyumba iko kwa jina langu tangu baba alipofariki, kwa hiyo lazima saini iwe yangu, na ndiyo sababu nilipakiwa garini saa sita ya mchana kupelekwa Ruwi.

Humam hakupata pa kuegesha, akanishusha akaendelea kuzunguka. Karani wa wakala alikuwa na manukato ya kutosha harusi mbili na Kiarabu cha mbio. Alinisogezea kurasa nne za maandishi madogo madogo. Nilizisoma zote nne, nikatia saini. Humam alipoingia jasho linamtiririka, akaniuliza, "Umezisoma, dada?" Nikamwambia nimezisoma, mimi si mtoto.

Ijumaa, 9 Juni

Leo amekuja fundi, Mkenya anayeitwa Wesley, kapanda darini na viatu vyake. Mama hakumpenda.

"Wewe Mswahili wa wapi?" akamuuliza.

"Mimi ni wa Nakuru, mama."

"Na huko ndivyo wanavyopanda kwenye nyumba za watu?"

Wesley alicheka tu. Alifunga dishi, akaweka kisanduku cha intaneti juu, akateremka kuigusagusa simu ya chini. Alipomaliza akaniambia, "Mama, hii simu ya huku chini nimeiunganisha na laini mpya, sawa? Namba iko kwa fomu, ukurasa wa pili."

"Najua ilipo."

"Sawa basi, ilikuwa tu kukukumbusha."

Sikuipenda ile "kukukumbusha" yake. Watu wengi siku hizi wanapenda kunikumbusha mambo. Fomu ameichukua Ghadeer, ameitia kwenye boksi la kisanduku cha intaneti.

Laasiri nilikaa na mama kando ya simu. Bipu haikuja. Juu mpira umeanza, wanapiga kelele kama wamevamiwa.

Jumatatu, 12 Juni

Unyevunyevu. Shuka haikauki kwenye kamba.

Ijumaa, 16 Juni

Bipu haikuja.

"Simu nzima?" mama akauliza.

Niliinyanyua, mlio upo. Nikaitumia kumpigia Humam aliye juu, nikasikia msomaji wake, akapokea. "Simu nzima, mama," nikasema.

"Basi mgonjwa ni Shariffa."

Jumanne, 20 Juni

Humam analalamika. Watu wanampigia yeye ofisini wakimtaka mama. Jana Bi nani wa Maabela, leo duka la dawa. "Kwani mimi simu ya nyumba?" anasema. Na kuna watu wa Unguja wanambipu Ijumaa saa ya kulala, mara moja wanakata, nambari ngeni kila mara. "Hao wanataka vocha. Siwapigii, na wakizidi siwapokei."

Nilimwambia vizuri, naye aonje. Nilifurahi kweli. Sikuyaweka maneno yake mawili pamoja, na sijui nitajisamehe lini.

(Sentensi hii ya mwisho nimeiongeza mwezi wa nane.)

Ijumaa, 23 Juni

Bipu haikuja. Mama ameamua kuwa Shariffa si mgonjwa, ana kiburi. Mwezi uliopita alimwambia, "Shariffa, sauti yako imezeeka," na Shariffa akamjibu yake ndiyo imezeeka, wakaagana kwa ubaridi.

"Amenuna," mama akasema. "Tangu mdogo. Ukimwambia kitu cha kweli anakwenda kujificha nyuma ya mtungi. Na anunie hukohuko."

Kisha akaniuliza saa ngapi. Kisha akaniuliza tena.

Ijumaa, 30 Juni

Hakuna kitu. Tende za rutabu zimeanza, tamu, mama hazigusi.

Jumamosi, 1 Julai

Nimeamua kumtafuta mwenyewe. Kile kisanduku cha kando ya simu kimehifadhi nambari za zamani, zile alizokuwa akiazima. Ya kwanza haipo tena. Ya pili ni mwalimu, hamjui mtu. Ya tatu ni muuza chipsi, na nyuma yake nikasikia watu wengi.

"Namtafuta Bi Shariffa, mama mzee, mfupi, anaazima simu yako."

"Bibi, leo hutampata mtu. Mtaa mzima tuko kwenye hitima. Piga baadaye."

"Hitima ya nani?"

"Hata sijui, mimi nimeletewa sahani tu. Pilau nzuri."

Akakata. Nilipopiga baadaye hakupokea, na kesho yake ilikuwa imezimwa. Nimemlaani yeye na chipsi zake.

Jumapili, 9 Julai

Fainali. Mtu amempiga mwenziwe kichwa cha kifua na Humam analia kama aliyepigwa ni yeye. Kadi ya mpira imekwisha kazi yake. Mkataba ni wa miaka miwili.

Ijumaa, 14 Julai

Ijumaa ya saba. Mama amekonda, bangili inampita mpaka kiwiko. Laasiri aliniambia nilete kiti karibu.

"Akipiga, usinipe kwanza. Mwambie wewe. Mwambie nilisema uongo. Sauti yake haikuzeeka."

"Utamwambia mwenyewe, mama."

"Mimi nitalia, naye atajiona mshindi."

Nilikwenda jikoni nikafungua bomba ili nisisikie. Nimemchukia Shariffa leo kwa roho yangu yote.

Alhamisi, 20 Julai

Nitaandika yote.

Asubuhi mlango uligongwa. Alikuwa Sleiman, binamu yetu mwenye duka la viungo Ruwi, aliyekwenda Unguja katikati ya mwezi uliopita akarudi jana. Kaniona tu, akanishika mkono, machozi yanamtoka.

"Adhama Allahu ajrakum, Mahbuba. Lakini wallahi mmenikosea. Msiba niusikie Unguja, nyinyi mlioko hapa msiniambie?"

Shariffa. Nikaelewa zile Ijumaa zote, na kitu cha kwanza nilichofikiri ni mama, aliyekuwa ndani anachambua mchele kwa vidole.

"Lini?" nikamuuliza chini kwa chini.

"Unaniuliza mimi lini?"

"Nani huyo?" mama akaita. Na kabla sijamzuia alikuwa amekuja, anapapasa ukuta. Sleiman alimwona. Alirudi nyuma akakaa juu ya viatu, mdomo wazi, akilia kwa kwikwi. Mama haoni vizuri lakini kilio anakijua. Akasimama wima.

"Shariffa," akasema. Hakuuliza. Akajipiga kifuani. "Shariffa kafa, na mimi nimemnunia. Ya Rabbi, mdogo wangu kafa na mimi nimemnunia!"

Nilimshika asianguke. Alikuwa analia kwa sauti ambayo sijaisikia tangu baba afariki. Humam na Ghadeer wakateremka mbio. Ndipo Sleiman alipopata ulimi.

"Shariffa mzima!" akapiga kelele. "Bi Kheiria, Shariffa mzima! Aliyekufa ni wewe!"

Nilimwachia mama, nikamtazama.

"Mimi?" mama akasema.

"Nimeisoma khitma yako kwa mdomo wangu. Jumamosi, tarehe mosi. Mtaa mzima ulikuja. Kulikuwa na nyama."

Akaeleza. Ijumaa moja Shariffa alibipu, na badala ya mlio akasikia Qur'ani inasomwa. Akakata. Ijumaa ya pili akabipu tena, Qur'ani. Akaomba simu ya mwenye salio, akasikiliza mpaka mwisho. Hakuna aliyepokea, ni Qur'ani tu. Kwetu sisi, nyumba inayosomwa Qur'ani Ijumaa mbili mfululizo na hakuna anayekuja kwenye simu ni nyumba ya msiba. Sleiman alipofika akamwomba naye apige. Akapiga mara tatu, akasikia yaleyale. Wakakaa matanga.

"Umepiga wapi?" Humam akauliza. Rangi ilikuwa imemtoka.

"Hapahapa. Nambari ya nyumba, ileile."

Sleiman akatoa mobile yake, akaipiga mbele yetu. Tuliitazama simu ya mama juu ya meza. Haikulia. Kwenye sikio la Sleiman akaanza yule msomaji, taratibu, na mfukoni mwa kanzu ya Humam kikawaka kitu. Alikitoa akakitazama kama ameokota nyoka. Nambari ya nyumba, miaka ishirini na zaidi, ilikuwa inalia mfukoni mwake.

Mama hakutaka maelezo. Alitaka Shariffa. Sleiman alikuwa na nambari ya jirani yake, nikapiga mimi, nikasubiri wamwite, nikampa mama. Sauti ilisikika mpaka kwetu.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Kheiria."

"Kheiria kafa. Nimemsomea khitma."

"Basi umesoma bure."

"Weye nani, unayenichezea na msiba wangu? Kama n'do Kheiria, nambie neno."

Mama akausogeza mkono wa simu mdomoni. "Sauti yako imezeeka," akasema.

Kilichotoka upande wa pili sikiwezi kukiandika. Kilikuwa kilio, matusi na shukrani kwa Mungu, vyote pamoja. Mama naye alilia, na Shariffa hakujiona mshindi. Kisha walipochoka, mama akajifuta macho kwa ncha ya leso, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Hebu nambie, nani hakuja?"

Walimaliza robo saa wakihesabu waliokuja na wasiokuja. Kuna mmoja wa Kikwajuni ambaye mama hatamsahau maisha.

Alipoweka simu alimgeukia Humam. "Wewe umenizika. Kwa ajili ya mpira."

"Mama, wallahi sikujua! Ni yule wakala. Ametudanganya, ameifunga simu ya zamani bila kutwambia. Nitamshitaki."

"Nna nini mie na wakala? Usile na mimi. Kula juu kwako."

Humam alinitazama nimsaidie. Mimi nilikuwa naokota mchele.

Ijumaa, 21 Julai

Tumemfundisha Shariffa nambari mpya, aliyotutajia Ghadeer, kwa saa nzima, tarakimu mbili mbili. Amebipu mara tano kujaribu. Mara zote tano nimeinuka mimi, nikapiga.

Jumamosi, 22 Julai

Ghadeer alinijia jikoni, kashika zile karatasi nne kutoka kwenye boksi.

"Dada, hii saini yako?"

"Unaiona, unaniuliza nini?"

Aliufunga mlango. Akaninong'oneza kwa Kiswahili chake cha kukwaruza kwamba imeandikwa waziwazi, ukurasa wa pili: ofa ni ya wateja wapya tu, mteja anakubali laini yake ya zamani ifungwe, nambari mpya ni hii, na kwa siku sitini wanaopiga ya zamani watahamishiwa kwenye mobile ya Humam. "Imeandikwa kubwa. Hakudanganya mtu."

Nikaendelea kuosha vyombo.

"Humam hajasoma. Mimi sitasema," akasema. "Lakini dada, kwa nini hukuniita mimi nikusomee?"

Ningemsamehe kama angecheka. Alinitazama kwa huruma, na huruma ya Ghadeer kwangu ni kama pilipili machoni. Nilimwambia atoke jikoni kwangu.

Sasa niandike. Tarehe saba nimeandika humu kwamba nilizisoma. Sikuzisoma. Nilipitisha macho kutoka kulia kwenda kushoto na kutikisa kichwa. Qur'ani naisoma, ina irabu, nimeisoma tangu chuoni Malindi, Unguja. Lakini Kiarabu cha ofisi, kile kisicho na irabu, tulikuja huku mimi nina miaka ishirini na tatu na shule yangu yote ilikuwa ya Kiingereza. Wizarani wakanitia upande wa Kiingereza, nikajificha huko miaka thelathini. Kuzungumza najua. Kusoma nakisia. Hakuna anayejua humu nyumbani, na nimelidanganya hata daftari langu kwa kuogopa mwanamke asiyejua kulisoma.

Ijumaa, 28 Julai

Bipu imekuja. Nimeinuka, nimepiga, nimempa mama. Humam alisimama mlangoni na sahani ya rutabu. Mama alijua ni yeye kwa hatua zake, akageuza uso. Aliiweka sahani chini akaondoka. Mtu mzima, mvi kichwani, ameweka sahani chini kama anamlisha paka.

Jumanne, 1 Agosti

Humam amefurahi leo. Wakala ameogopa kelele zake, na bila kutafuta zile karatasi ameahidi kumfukuza karani Jumamosi. "Angalau mmoja atalipa," Humam anasema. Nakumbuka manukato ya yule karani. Nakumbuka aliniuliza, taratibu, "Umefahamu, mama?" na mimi nikamjibu kwa ukali.

Jumatano, 2 Agosti

Nimesema. Baada ya adhuhuri, wote wakiwepo, nimesema.

"Mama, Humam hakukuzika. Karani hakudanganya. Nimekuzika mimi. Karatasi niliitia saini bila kuisoma, kwa sababu kuisoma siwezi."

Humam alianza, "Lakini dada, wewe umefanya kazi wizarani..." Ghadeer aliinamisha kichwa. Vidole vya mama vilikuwa vinahesabu kitu kwenye paja.

Nilikuwa tayari kwa matusi. Hakunitukana. Aliniuliza, "Miaka thelathini, barua za serikali zinazokuja kwangu, ulikuwa unanisomea nini?"

"Nilikuwa nakisia, mama."

"Na ile ya hospitali? Ya macho yangu?"

Ile barua ilikuja mwaka juzi, kabla ya Ramadhani. Niliitazama, nikaona neno "orodha", nikamwambia wanasema asubiri. Humam ndiye aliyeifuata kwenye mtoto wa meza, na mkewe ndiye aliyeisoma, polepole, kwa Kiswahili, ili mama asikie. Ilisema aje kupasuliwa jicho la kulia, imetaja siku na saa. Mwisho ilisema asipofika jina lake litaondolewa kwenye orodha.

Mama aliuliza tu ilikuwa siku gani. Ghadeer akamwambia Jumatatu.

Kisha mama akanyoosha mkono hewani, akautafuta mkono wa Humam, akamketisha karibu yake. "Njoo ule," akamwambia. Kwangu hakugeuka. "Kuanzia leo simu yangu atapiga Ghadeer. Na karatasi zangu zote mpeni yeye."

Ghadeer akasema, "Mama, dada Mahbuba anajua kupiga..."

"Nimesema."

Alhamisi, 3 Agosti

Humam amekwenda kwa wakala kumtetea karani. Hafukuzwi tena. Amepiga simu hospitali pia. Wamesema mama aletwe wayaone macho, lakini tusilitumaini sana la kulia. Ile Qur'ani ameiondoa kwenye mobile yake. Sasa inalia kama simu.

Ghadeer, kama umefika hapa, endelea. Palipokushinda niulize.

Ijumaa, 4 Agosti

Joto limepungua kidogo. Baada ya laasiri nilikaa mahali pangu, mama kwenye kiti chake, simu katikati yetu. Ililia mara moja, ikakatika. Mama alikaza shingo kusikiliza ngazi, mpaka nyayo za Ghadeer ziliposikika zikiteremka.

Mimi nilikuwa karibu na simu kuliko mtu yeyote. Sikuinuka.